Don Bosco: Mlezi Aliyekataa Fimbo

Desemba 8, 1841, mvulana mmoja aliingia sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi mjini Torino, Italia. Sakristani akamtaka atumikie Misa. Aliposema hajui, akachapwa na kufukuzwa. Padri aliyekuwa akivaa mavazi ya Misa alikemea kitendo hicho, akaagiza mtoto aitwe, kwa kuwa ni rafiki yake.

Baada ya Misa akaketi naye. Alikuwa Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16, asiyejua kusoma wala kuandika. Wakaanza na ishara ya msalaba. Punde akarudi pamoja na wenzake.

Padri huyo ni Yohane Bosco, aliyezaliwa Agosti 16, 1815 katika familia ya wakulima. Baba yake alifariki yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, akalelewa na mama yake, Margherita. Alipokuwa na miaka tisa hivi aliota akiwapiga ngumi watoto waliokuwa wakitukana. Katika ndoto hiyo alielekezwa awapate kwa upole na upendo.

Akiwa padri alitembelea magereza ya Torino. Alikuta vijana wanaofungwa, wanaachiwa, kisha wanarudi kwa kukosa mtu wa kuwajali. Mwaka 1846 alipata mahali pa kuwakusanya huko Valdocco, na mama yake akahamia huko kumsaidia. Mwaka 1859 alianzisha shirika la Wasalesiani.

Mwaka 1877 aliandika mwongozo wa malezi. Alieleza kwamba kipigo humtia kijana uchungu na kumshushia mlezi heshima. Njia yake ilikuwa kueleza sababu, imani na upendo. Mlezi awafahamishe watoto kanuni mapema, akae kati yao hata michezoni, na amkosoe mtoto faraghani, si mbele ya wenzake.

Alifariki Januari 31, 1888, akatangazwa mtakatifu mwaka 1934. Vyuo vya ufundi vyenye jina lake vipo hata Dodoma na Iringa.

Mzazi mwenzangu, fimbo ya sakristani haikumfundisha Garelli kutumikia Misa. Ilimfundisha kukimbia. Ni kweli samaki hukunjwa angali mbichi, lakini kumkunja si kumvunja. Leo mwanao akikosea, mwite karibu, umuulize, umsikilize, kisha umwelekeze. Mungu atusaidie kulea hivyo.