Makhan Singh, Muhindi mwenye alifungwa juu ya uhuru wa Afrika ya Mashariki



Wengi wetu tukisikia uhuru wa India tunafikiri paka Gandhi, na chumvi yake, na kitambaa chake cheupe. Si vibaya. Lakini kuna mtoto mwingine wa India mwenye alibeba ile kazi ya uhuru mpaka huku Afrika ya Mashariki, na akailipa kwa miaka mingi ya gereza. Jina lake ni Makhan Singh. Tumeona ni vema historia yake ijulikane hapa Omate, na mwishoni tutasema juu ya nini.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, karibu na mji wa Gujranwala, jimbo la Punjab. Jamaa yake ilikuwa ya dini ya Sikh, ndiyo wale wanaume wenye kufunga kilemba na wenye hawakati nywele. Wakati ule India yote ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kwanza ilitawaliwa na kampuni ya biashara, kisha tangu 1858 serikali ya Uingereza yenyewe ikaishika.

Makhan Singh alipokuwa na miaka mitano, jambo baya lilitokea huko huko Punjab. Tarehe 13 Aprili 1919, katika mji wa Amritsar, jenerali mmoja jina lake Dyer aliamuru askari wake wapige risasi watu wenye walikusanyika ndani ya uwanja uliozungukwa na kuta. Watu hawakuwa na silaha, na njia za kutokea zilikuwa chache na nyembamba. Serikali ilihesabu wafu 379. Wahindi wenyewe walihesabu wengi kupita hapo. Kila mtoto wa Punjab wa wakati ule alikua na hiyo habari masikioni.

Sasa, namna gani Muhindi wa Punjab alifika Kenya? Waingereza ndio waliofungua hiyo njia. Kati ya 1896 na 1901 walijenga reli toka Mombasa mpaka Ziwa Victoria, na juu ya kazi hiyo walileta Wahindi karibu 32.000. Ile kazi haikuwa ya mchezo: karibu 2.500 walikufa. Wengi wa wale wenye walibaki wazima walirudi kwao, lakini wengine walikaa, na jamaa zao zikawafuata: mafundi, makarani, wenye maduka. Baba yake Makhan Singh, jina lake Sudh Singh, alikuja nyuma kutafuta kazi, na katika mwaka 1927 mtoto akamfuata Nairobi, akiwa na miaka 13.

Huko Nairobi kijana alikuta watu wamepangwa kama ngazi. Juu Wazungu, katikati Wahindi, chini Waafrika. Watu watatu wangefanya kazi moja, lakini mshahara ulikuwa wa namna tatu, na shule za namna tatu, na mahali pa kukaa pa namna tatu. Faida ya ngazi hii kwa mkubwa ni rahisi kufahamu: yule wa katikati anaogopa kushuka, yule wa chini anamchukia wa katikati, na hakuna mwenye anakumbuka kutazama juu. Tuishike hii habari ya ngazi, tutairudia.

Makhan Singh alimaliza masomo ya sekondari Nairobi, kisha akafanya kazi katika nyumba ya kuchapisha ya baba yake. Pale ndipo alijifunza nguvu ya karatasi. Katika mwaka 1935 akawa katibu wa sendika, ndiyo chama cha wafanyakazi. Sendika hiyo ilikuwa ya Wahindi tu. Yeye na wenzake wakabadilisha jina na kanuni, wakafungua mlango kwa wafanyakazi wa kila kabila na kila rangi. Matangazo yao yalichapwa kwa luga za Kihindi na kwa Kiswahili pia, kusudi kila mtu asome mwenyewe pasipo kuambiwa na jirani. Katika mwaka 1937 sendika ikafanya mugomo Nairobi. Mugomo ulikamata siku 62. Mwishoni wakubwa wa kazi wakakubali kuongeza mshahara, kati ya 15 na 22 kwa mia.

Mwisho wa mwaka 1939 alisafiri kwenda India. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imeanza, na Waingereza walikuwa wameingiza India ndani ya vita pasipo kuuliza viongozi wa India. Makhan Singh akasaidia wafanyakazi wenye kugoma, na katika mwaka 1940 akakamatwa. Hakuna tribinali iliyomhukumu. Alifungwa paka hivi hivi karibu miaka miwili na nusu, kisha akalazimishwa kukaa ndani ya kijiji chake cha kuzaliwa mpaka 1945. Katika miaka ile ile, mwezi wa Agosti 1942, Gandhi na chama cha Congress waliambia Waingereza watoke India, na maelfu ya watu wakajaza magereza.

Uhuru ulifika tarehe 15 Agosti 1947, lakini ulifika na kilio. Inchi ilikatwa vipande viwili, India na Pakistan, na Punjab yenyewe ikapasuliwa katikati. Watu kupita milioni kumi walihama. Waislamu walienda upande huu, Wahindu na Wasikh upande ule, na wengi sana waliuawa njiani na mikononi mwa majirani wao. Gujranwala, mji wa kwao Makhan Singh, uliangukia Pakistan, mahali Wasikh hawakuweza tena kukaa. Mwezi ule ule wa Agosti yeye alirudi Kenya. Tufikiri kidogo: mtu alifungwa juu ya uhuru wa kwao, na siku ya uhuru kijiji chake si chake tena.

Serikali ya Kenya haikufurahi kumwona. Ilijaribu kumfukuza, akakataa kutoka. Tarehe 1 Mei 1949 yeye pamoja na Fred Kubai, kijana wa Kenya, waliunganisha sendika nyingi kuwa chama kimoja cha Afrika ya Mashariki. Kubai akawa mkubwa wa chama, Makhan Singh akawa katibu. Muafrika na Muhindi, meza moja.

Kisha ikafika tarehe 23 Aprili 1950. Katika jumba la Kaloleni, Nairobi, kulikuwa mkutano wa Waafrika na Wahindi pamoja. Makhan Singh akasimama akaomba mkutano ukubali kwamba inchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili. Leo tunaona ni neno la kawaida. Wakati ule viongozi wengi walikuwa wanaomba paka viti vichache katika baraza la serikali. Hapa kwetu Kongo, Wabelgiji hawakutaka hata kusikia neno hilo. Mkutano ukakubali.

Siku 22 tu zikapita. Tarehe 15 Mei 1950 yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakaacha kazi, na mugomo ukakamata siku kama tisa, ukaenea miji mingine. Askari walitupa moshi wa kutoa machozi, watu wengi wakafungwa. Makhan Singh akapelekwa kizuizini mbali sana, kaskazini, katika inchi kavu ya jua kali: Lokitaung, Maralal, Dol Dol. Akakaa kule kupita miaka kumi na moja.

Mambo ya kushangaza ni haya. Kama angekubali kutoka Kenya na kwenda India, inchi yenye ilikuwa sasa huru, angefunguliwa. Alikataa. Mke na watoto walikuwa Nairobi, watoto wakakua pasipo baba nyumbani. Tarehe 30 Juni 1960, wakati Kongo yetu ilipata uhuru, yeye alikuwa angali kizuizini. Alifunguliwa mwezi wa Oktoba 1961. Mara moja akarudia kazi ya wafanyakazi.

Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Sasa tungengojea kusikia kwamba alipewa kiti kikubwa. Hapana. Hakupewa uwaziri wala ubalozi. Serikali mpya iliogopa mawazo yake, sababu alikuwa mkomunisti na hakulificha jambo hilo. Hatusikii kwamba alienda kulia mlango kwa mlango. Alikaa, akakusanya karatasi za zamani, akaandika kitabu cha historia ya sendika za Kenya, chenye kilitoka katika mwaka 1969. Alikufa Nairobi tarehe 18 Mei 1973, akiwa na miaka 59.

Wasomaji wapendwa, tuliahidi kusema juu ya nini tumeandika haya. Hapa Masisi na Walikale tunajua ngazi ni kitu gani. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamisha watu toka Rwanda wakawaleta Masisi juu ya kazi ya mashamba, sawasawa na Waingereza walivyoleta Wahindi kwa reli. Hawakuuliza wenye kuhama, hawakuuliza wenye udongo. Wao walienda zao katika mwaka 1960, sisi tulibaki na ugomvi. Katika mwezi wa Machi 1993, pale soko la Ntoto, ugomvi huo ukawa damu, ukaenea Masisi yote. Kila nyumba ina wafu wake, na hatutaki kuhesabu hapa wafu wa nani ni wengi.

Lakini tunasikia ndani ya darasa na kwenye kisima namna neno mgeni linatupwa kama jiwe, juu ya kalamu iliyopotea, juu ya foleni ya maji. Mwenye kulitupa ana miaka kumi na mbili; hakuona hata moja ya mambo yale. Alilipokea kwa wakubwa, naye atalipitisha.

Makhan Singh aliitwa mgeni na serikali yenye ilitoka mbali kuliko yeye. Hakujibu kwa kutafuta nani ni mgeni kuliko yeye. Alijibu kwa kufanya kazi na jirani juu ya mshahara wa wote wawili, mpaka jirani akagoma siku tisa kwa sababu yake. Sisi tunafikiri hiyo ndiyo karatasi ya inchi yenye nguvu: jambo gani umebeba pamoja na wengine. Kuzaliwa mahali hapa ni bahati. Hakuna mwenye alichagua.

Hatuna sendika hapa shuleni, wala hatutafuti mugomo, wakubwa wetu wasiogope. Tuna kisima, tuna shamba la shule, tuna vitabu vichache vya kugawanya. Tuanzie hapo. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanatutazama, na sisi wa mwaka wa sita tutatoka karibuni nyuma ya mtihani wa Leta. Maneno yenye tutawaachia ndiyo watatumia.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita