Bruce McLaren, Mtoto wa Gereji Aliyejiundia Gari la Mbio

Jina la McLaren hulijua hata mtu asiyejali mbio za magari. Lakini wengi hudhani ni jina la kiwanda tu, kama lilivyo jina la sabuni au la majani ya chai. Wachache wakumbuka kwamba lilikuwa jina la mtu, tena mtu aliyekuwa akichechemea, mwana wa mwenye gereji huko New Zealand, aliyeanza kazi yake uani kwa wazazi wake kwa tupa, spana na gari kuukuu lililokuja nyumbani vipande vipande.

Bruce Leslie McLaren alizaliwa mjini Auckland tarehe 30 Agosti, 1937. Baba yake, Les, na mama yake, Ruth, walikuwa na kituo cha petroli na gereji katika mtaa wa Remuera. Les mwenyewe katika ujana wake alikuwa akishindana kwa pikipiki, kwa hivyo mtoto huyo alizaliwa katikati ya harufu ya petroli na mazungumzo ya injini. Alipokuwa darasani alipenda michezo kama watoto wenziwe, na hakuna aliyedhani kwamba mambo yangebadilika.

Alipofika umri wa miaka 9 akaanza kuumwa na nyonga ya kushoto. Waganga wakagundua kuwa ana maradhi ya Perthes, yanayoukata mfupa wa paja usipate damu ya kutosha, hata kichwa cha mfupa huo kikaanza kulainika na kubonyea. Siku hizo dawa yake ilikuwa moja: mtoto alale, asiukanyage mguu, mpaka mfupa ujijenge tena. Bruce akapelekwa katika nyumba ya watoto walemavu iitwayo Wilson Home, ng'ambo ya pili ya bandari ya Auckland, akafungwa juu ya fremu kwa muda wa kama miaka 2. Hebu fikiri, msomaji, mtoto wa miaka 9 asiyetulia, miaka 2 chali! Alipoinuka, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na kuchechemea kukawa mwendo wake mpaka mwisho wa maisha yake. Mpira hakuuweza tena. Kilichombakia ni gereji ya baba.

Hapo ndipo gari lenyewe linapoingia. Bwana Les alinunua Austin Seven ya aina ya Ulster, ya mwaka 1929, kwa pauni 110. Kusema alinunua gari ni kulipamba jambo, kwani alichonunua hasa kilikuwa chuma na masanduku ya vifaa. Nia yake ilikuwa kuliunga, aliuze, apate faida kidogo. Austin Seven kwa jumla ilikuwa gari dogo la watu wa kawaida, lililobuniwa Uingereza mwaka 1922 ili hata karani apate gari badala ya pikipiki yenye kigari cha pembeni. Injini yake ilikuwa na silinda 4 na ujazo wa sentimita 747 tu. Ulster ndiyo iliyokuwa ya mbio katika jamaa hiyo, fupi, ya chini, yenye mkia uliochongoka, isiyo na anasa yoyote.

Kuliunga kulichukua karibu mwaka mzima. Baba na mwana walifanya kazi jioni baada ya wateja kuondoka. Gari lilipokamilika, Les akalitoa kwenda kulijaribu, akarudi akiwa hakupendezwa hata kidogo. Breki za Austin hizo zilikuwa za waya, na sifa yake kote duniani ilikuwa kwamba hupunguza mwendo lakini hazisimamishi. Springi zake nazo zilimfanya dereva ajione kama aliyepanda punda mkaidi. Les akaamua liuzwe. Bruce akamsihi na kumbembeleza mpaka mzee akalegea, na gari likabaki.

Kwa kuwa hakuwa na umri wa leseni, kijana akajitengenezea njia yake nyuma ya nyumba, njia yenye umbo la nambari 8 inayozunguka miti ya matunda. Hapo akawa azunguka, azunguka, mpaka akajua gari likiteleza nyuma dereva afanye nini, na likiteleza mbele afanye nini. Sijui majirani walisema nini, lakini nadhani Bi. Ruth alisikia mengi.

Mwaka 1952, hata miaka 16 hajafika, alilitia gari lile katika mashindano ya kupanda kilima huko Muriwai, pwani ya magharibi ya Auckland, akashinda katika daraja lake. Watu wengi hukomea hapo wanaposimulia utoto wake, kana kwamba kushinda ndiko kulikokuwa ajabu. Mimi naona ajabu ni yale aliyoyafanya baadaye kwa injini.

Injini ya Austin Seven ina vali pembeni mwa silinda, si juu yake, na umbo hilo huipotezea nguvu. Tena krankshafti yake yashikwa na beringi 2 tu, moja mbele na moja nyuma, kwa hivyo injini ikizungushwa kwa kasi sana chuma hicho hupinda katikati kama kamba inayorukwa na watoto. Anayetaka mwendo basi hawezi kukanyaga petroli tu. Lazima aongeze mbano, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi kabla ya kuwashwa, na lazima asafishe njia zinazopitisha hewa hiyo, ziwe laini, zisiwe na kona wala ukwaru. Bruce alichukua silinda hedi, akajaza madini ya kuchomelea katika vyumba vyake vya moto, kisha akavichonga upya kwa tupa, kidogo kidogo, akipima na kuchonga, mpaka akapata umbo alilolitaka. Akikosea kipimo, kazi yote huharibika. Anayedhani kazi hiyo ni ya nguvu hajapata kushika tupa. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa kungoja, na huyu alikuwa amengoja miaka 2 kitandani.

Baada ya Austin yakafuata magari mengine, moja la Ford, kisha Austin-Healey ya baba yake, kisha Cooper ya mbio. Huku nyuma alikuwa akisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Auckland, lakini masomo hayo hakuyamaliza. Mwaka 1958 chama cha mbio za kimataifa cha New Zealand kilianzisha mpango wa kumpeleka Ulaya kila mwaka dereva mmoja kijana, na wa kwanza kuchaguliwa akawa yeye. Alifika Uingereza akaenda katika karakana ya Cooper huko Surbiton, na gari alilotazamia kulikuta limekamilika, ikabidi ashiriki kuliunga kwa mikono yake. Kwake haikuwa taabu. Mwezi Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 20, aliendesha gari dogo la daraja la pili katika mbio za Ujerumani kule Nürburgring, akamaliza wa 5 kati ya wote na wa kwanza katika daraja lake.

Tarehe 12 Desemba, 1959, huko Sebring, Marekani, mwenziwe katika Cooper, Jack Brabham wa Australia, alikuwa akiongoza mbio za mwisho za mwaka. Katika mzunguko wa mwisho petroli ikamwishia. Bruce akampita, akashinda, huku Brabham akilisukuma gari lake kwa mikono mpaka kwenye mstari, akawa wa 4 na bingwa wa dunia. Bruce alikuwa na umri wa miaka 22. Ukiziondoa mbio za Indianapolis, hapakutokea mshindi mdogo kuliko yeye katika mbio za ubingwa wa dunia mpaka mwaka 2003.

Dereva mwingine angeridhika na hayo. Yeye alikuwa na kiu ya kubadilisha gari, na katika timu ya watu wengine kila mabadiliko huhitaji ruhusa. Mwaka 1963 akaandikisha kampuni yake mwenyewe. Msianze kuwaza jumba la vioo. Karakana yao ya mwanzo huko New Malden, karibu na London, ilikuwa banda lenye sakafu ya udongo, tena waligawana nafasi na mtambo wa kuchongea barabara. Gari lao la kwanza la maana hawakulibuni hata kidogo. Lilikuwa Cooper iliyokwisha kupata ajali Marekani, ikatengenezwa huko na dereva Roger Penske, kisha Bruce akainunua. Walipoifikisha bandani wakaikata katikati, wakaitia fremu mpya, wakaipachika injini ya Oldsmobile ya silinda 8. Muda wa kutengeneza mabomba ya moshi haukuwako, kwa hivyo mabomba 8 mafupi yakaachwa yachomoze juu nyuma kama mirija. Rangi nayo ikawa kijani cha milango ya bustani, kwani ndiyo iliyopatikana dukani. Kituko hicho kikasafirishwa hadi Mosport, Kanada, mwezi Juni 1964, kikashinda.

Nayatamani sana mambo ya banda lile, kwani yanaonyesha wazi kwamba mtu huyu hakuihama gereji ya Remuera, aliibeba tu. Yasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akilijaribu gari jipya, akaona kifuniko kidogo mbele yake chapigapiga na kuinuka. Wataalamu wa siku hizo waliamini kwamba gari likienda mbio, upepo hukikandamiza kifuniko kama hicho chini. Hiki kadiri gari lilivyoongeza mwendo ndivyo kilivyozidi kuinuka. Mwingine angeagiza kifungwe kwa skrubu. Bruce alirudi, akashuka, akaomba mkasi wa bati, akaanza kuikata bodi nyuma ya rejeta, gari jipya kabisa, mafundi wakimtazama. Hewa ya moto ya rejeta ikapata njia ya kutokea juu, gari likashika barabara zaidi, na mizunguko iliyofuata ikawa ya kasi kuliko ya kwanza.

Mwaka 1966 alishirikiana na kijana mwenzake wa New Zealand, Chris Amon, wakashinda mbio za saa 24 za Le Mans katika gari la Ford. Mwaka huohuo gari la kwanza la McLaren la ubingwa wa dunia likaonekana Monaco, lenye makelele mengi na nguvu chache, likashindwa kumaliza. Tarehe 9 Juni, 1968, huko Spa, Ubelgiji, Jackie Stewart aliyekuwa mbele alilazimika kuingia kuongeza petroli mbio zikikaribia kwisha. Bruce akapita mstari bila kujua kuwa ndiye mshindi, mpaka alipoambiwa. Kabla yake ni Brabham na Dan Gurney pekee waliokuwa wamewahi kushinda mbio za ubingwa katika magari yenye majina yao.

Lakini mahali magari yake yalipotia hofu ni Amerika ya Kaskazini, katika mashindano ya Can-Am, ambako karibu kila kitu kiliruhusiwa. Magari yake ya rangi ya machungwa, yeye katika moja na Denny Hulme wa New Zealand katika la pili, yalitwaa ubingwa mwaka 1967, 1968 na 1969. Mwaka huo wa mwisho mbio zilikuwa 11, na zote 11 walishinda wao. Kati ya madereva wale wawili, majaribio mengi ya magari aliyafanya Bruce mwenyewe. Hakuweza kumwachia mtu mwingine, kwani gari lilizungumza naye kwa lugha aliyoizoea tangu utotoni.

Jumanne, tarehe 2 Juni, 1970, alikuwa katika kiwanja cha Goodwood, Uingereza, akijaribu gari jipya la Can-Am lililoitwa M8D. Injini yake ilikuwa ya Chevrolet ya zaidi ya lita 7, mara 10 ya ile ya Austin ya baba yake. Alikuwa akifanya kama ilivyo desturi yake, mizunguko michache, kusimama, kurekebisha, kisha kurudi tena. Katika mmojawapo wa mizunguko hiyo, katika mwendo mkali, sehemu ya nyuma ya bodi ikachomoka. Gari likapoteza ule mkandamizo wa upepo uliokuwa ukilishikiza chini, likazunguka, likagonga kituo cha wasimamizi kando ya njia. Bruce akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 32, akamwacha mkewe, Patricia, na binti mdogo, Amanda. Alizikwa nyumbani, katika makaburi ya Waikumete, Auckland.

Wafanyakazi wa karakana waliambiwa siku ya pili wasije kazini, wapumzike. Asubuhi wote walikuwapo. Mbio za kwanza za Can-Am zilikuwa zimebakia siku zisizotimia 2 wiki, na magari hayakuwa tayari. Hulme alikuwa ameungua vibaya mikono katika moto huko Indianapolis mwezi Mei, hata hivyo akaendesha na bendeji zake. Nafasi ya Bruce akapewa Dan Gurney. Tarehe 14 Juni, katika kiwanja kile kile cha Mosport ambako gari la kijani lilishinda, Gurney akashinda, na mwisho wa mwaka Hulme akawa bingwa.

Ile Austin Ulster ya pauni 110 haikuuzwa vyuma chakavu. Imehifadhiwa na kampuni hiyo huko Woking, Uingereza, pamoja na magari ya mabingwa yaliyofuata, nayo ndiyo ndogo kuliko yote.