Mchezaji wa Sinema Aliyetoka Kwetu



Kila inapokaribia Krismasi vijana wa parishi yetu hufanya mazoezi ya mchezo wa kuzaliwa kwa Bwana, na kila mwaka hawakosekani wazazi wanaonung'unika kwamba kuigiza ni shughuli ya watu wasio na kazi. Basi safari hii tumeona tuwasimulie habari za mtu ambaye wengi wetu twamkumbuka kama kiongozi wa nchi, lakini ni wachache wanaojua kwamba kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa sinema. Huyu ni Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Yeye alikuwa Mwislamu, wala hatumwandiki kama mtakatifu wa kanisa. Tunamwandika kama jirani, kwa sababu alizaliwa Matepwende mwaka 1926, siku zile Matepwende na Hanga zote zikiwa katika Wilaya ya Songea. Leo zote zimo katika Wilaya ya Namtumbo.

Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Rashidi, mtoto wa kwanza katika familia kubwa, alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, na mwisho akafika Shule ya Serikali ya Tabora, mahali walipochujwa vijana wenye akili kutoka nchi nzima. Baada ya Tabora njia ya kwenda Makerere ilikuwa wazi mbele yake. Wakati ule Afrika Mashariki yote haikuwa na mahali pengine pa elimu ya juu kama Makerere, na kijana aliyepata nafasi hiyo alihesabiwa kuwa ameokoka na umaskini yeye na ukoo wake. Lakini wadogo zake walihitaji karo na chakula. Rashidi akaiacha Makerere, akaenda Dar es Salaam kuajiriwa ukarani ili wadogo zake wasome.

Tunaomba msomaji asiipite habari hiyo upesi. Wapo hapa kwetu kaka na dada walioacha masomo kwa sababu hiyo hiyo, na wengine hadi leo wanaona haya wanapokutana na waliosoma nao.

Kutoka ukarani alihamia Idara ya Maendeleo ya Jamii, akashughulika na kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Huko ndiko sinema ilikomkuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipatana na kampuni moja ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili, zichezwe na Waafrika wenyewe, nazo zikaonyeshwa kwa wananchi. Wazee watakumbuka gari la sinema lilivyokuwa likifika: shuka jeupe linatundikwa, injini ya umeme inanguruma, na watoto wanakaa chini mbele kabisa, tena wengine hujiweka nyuma ya shuka waone picha kinyume.

Filamu iliyompa Kawawa jina ni Muhogo Mchungu. Humo alicheza mshamba anayetoka kijijini kwenda Dar es Salaam na kukutana na mambo ya mjini asiyoyaelewa. Watu walicheka sana. Shabaha ya serikali katika filamu za namna hii haikuwa kuchekesha tu. Ilitaka kufundisha, na fundisho moja lililompendeza mkoloni ni kwamba mtu wa shamba afadhali abaki shamba. Ajabu ni kwamba aliyechaguliwa kulitoa fundisho hilo alikuwa mwenyewe kijana wa shamba, wa Ungoni huku, aliyekwenda mjini na kuumudu vizuri.

Hapa sisi tuliofundisha shule tuna jambo la kuungama. Katika michezo ya shule tulizoea kumpa mtoto mzito sehemu ya mjinga, tukidhani inamfaa. Tulikosea. Kumwigiza mjinga hata watu wote wamtambue kuwa ni jirani yao, wacheke pasipo kumdharau, hiyo ni kazi ya mtu mwerevu, aliyewatazama watu kwa makini.

Mwaka 1953 idara ilimpeleka Urambo, kuwahudumia Wakikuyu waliozuiliwa huko kwa sababu ya vita ya Mau Mau. Baada ya hapo sinema ikabaki nyuma. Akawa kiongozi katika chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955 yeye alikuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na TANU, basi mwaka 1956 akaacha kazi ya mshahara, akaingia katika siasa mzima mzima.

Yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayapita haraka. Mwalimu Nyerere alipojiuzulu Uwaziri Mkuu tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, ili akaijenge TANU, aliyekabidhiwa kiti ni Kawawa. Alikikalia hadi Jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba mwaka ule ule, Mwalimu akawa Rais, naye Kawawa akarudi nafasi ya pili bila kelele. Alikuwa Makamu wa Pili wa Rais kuanzia 1964, Waziri Mkuu tena tangu 1972 hadi 1977, kisha Waziri wa Ulinzi wakati wa vita ya Kagera. Watu wakamwita Simba wa Vita.

Lakini tusimpambe kupita kiasi. Katika mwaka ule wa 1962, chini ya Uwaziri Mkuu wake, zilipitishwa sheria zilizobana haki ya wafanyakazi kugoma, na pia sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Kwa mtu aliyepanda kwa mabega ya vyama vya wafanyakazi, hilo si jambo dogo, na wenzake wa zamani waliumia. Tena alikuwa Waziri Mkuu wakati watu walipohamishiwa vijijini, miaka ya 1973 hadi 1976. Hapa mkoani petu wapo wanaoshukuru kwa shule na zahanati zilizofuata, na wapo ambao hadi leo huonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa miembe ya baba zao. Sisi tunaona wote wawili wana haki ya kusema.

Jambo ambalo hatukusikia hata adui zake wakimshitaki ni kutaka kumpindua mkubwa wake. Alipewa nafasi ya kwanza, akairudisha. Labda alijifunza sinemani kwamba mchezo hauendi kama kila mtu anataka kuwa mfalme, ingawa hayo ni mawazo yetu tu.

Mkewe, Mama Sofia, aliyeongoza Umoja wa Wanawake, alitangulia mwaka 1994. Mzee Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, Dar es Salaam, tarehe 2 Januari 2010, mbali na Matepwende alikozaliwa.

Mazoezi ya mchezo wetu ni Jumamosi mchana kanisani. Sehemu ya mwenye nyumba ya wageni, yule aliyewakosesha Yusufu na Mariamu mahali pa kulala, bado haijapata mtu.