JOHN SCOTT HALDANE, MUGANGA WA HEWA

Mara hii tunawaletea maisha ya mutu ambaye jina lake halisikiki sana katika madarasa yetu, lakini kazi yake inalinda watu mpaka leo, hata watoto. Siku hizi, katika inchi nyingi zenye bahari, mutoto wa miaka 10 anaweza kufundishwa kuzama chini ya maji na mutungi wa hewa mugongoni. Anajifunza, anafanya mutihani, anapewa kadi yenye jina lake. Lakini kadi ile inamuwekea mpaka: asipite metre 12. Juu ya nini 12, na si 30? Ni nani aliyeanza kupima mambo haya? Kwa kujibu, lazima turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwa muganga mumoja wa Scotland, mbuzi 85, na kijana mumoja aliyelowa maji.

John Scott Haldane alizaliwa mwezi wa Mei 1860 katika muji wa Edinburgh. Jamaa yake ilikuwa ya watu wenye mali na wenye jina. Ndugu yake Richard alifika kuwa waziri wa vita wa Uingereza. Yeye John alisomea uganga, akamaliza 1884. Lakini kukaa karibu na kitanda cha mugonjwa na kuandika dawa, hapana, hiyo haikumuvuta. Aliyoipenda ni hewa: watu wanaipumua namna gani, na inawafanya nini ikiharibika. Mu muji wa Dundee aliingia usiku katika nyumba za maskini, na tena katika vyumba vya masomo, akakamata hewa ndani ya chupa, akaenda kuipima. (Sisi tunaolala wengi mu chumba kimoja, madirisha yamefungwa juu ya mbu, tunajua alikuwa akitafuta nini.) Mwaka 1887 akahamia Oxford, ambako mujomba wake alikuwa profesa. Mwaka 1891 akaoa Louisa Kathleen Trotter, wakazaa watoto wawili: mwana wa kiume 1892, ambaye wote walimuita Jack, na binti Naomi, 1897.

Jina lake lilianza kujulikana kwa ajili ya mashimo ya makaa ya mawe. Mwaka 1896 shimo la Tylorstown, inchi ya Wales, lililipuka, watu 57 wakafa. Watu wengi waliwaza kwamba wafu wa milipuko wanauawa na moto ao na mawe yenye kuanguka. Haldane alikwenda kuangalia maiti, akaona kwamba wengi wao waliuawa na gazi isiyo na harufu wala rangi, ile tunayoita monoksidi ya karboni. Alikuwa anaijua vizuri, sababu mwaka mumoja mbele alikuwa ameipumua yeye mwenyewe mu laboratwari, akijipima damu yake pole pole, mpaka akashindwa kutembea sawasawa. Ndiyo ilikuwa desturi yake: kitu cha hatari, anakijaribu kwanza juu ya mwili wake. Kiisha akashauri wafanyakazi washuke na mnyama mudogo, panya ao ndege, kwa maana mwili mudogo unaanguka mbele ya mwili mukubwa, na mutu anapata nafasi ya kukimbia. Ndege wale walifanya kazi katika mashimo ya Uingereza mpaka 1986. Wale wenye baba zao katika mashimo ya Katanga hawahitaji kuelezwa zaidi.

Na mwana wake naye alimuchukua katika kazi hiyo, mapema sana. Siku moja walishuka pamoja ndani ya shimo ambalo juu yake, karibu na dari, kulikuwa na gazi inayoitwa metani. Haldane alimuambia Jack asimame wima, aseme kwa kichwa maneno ya Shakespeare ambayo mutu mumoja anayasema juu ya maiti ya Julius Caesar. Kijana akaanza. Hakufika mbali: pumzi ikamukatika, miguu ikalegea, akaanguka chini. Lakini chini hewa ilikuwa nzuri, akaamuka. Kwa namna hii alijifunza kwamba metani ni nyepesi kuliko hewa, na kwamba ukiona taabu katika shimo la namna hii, kulala chini kunaweza kukuokoa. Ni somo ambalo hakulisahau. Mama zetu wangesema nini, sijui!

Sasa tufike ku bahari. Mwaka 1905 jeshi la maji la Uingereza lilihitaji musaada. Wazamiaji wa wakati ule walivaa nguo nzito ya mupira, kofia ya shaba, viatu vya risasi, na juu mu chombo watu walisukuma hewa kwa pompi ya mikono. Wakifika chini sana, walitweta, kichwa kikazunguka, hawakuweza tena kazi. Haldane akakamata hewa iliyo ndani ya kofia, akaipima. Kumbe ilijaa gazi ya karboni, ile ambayo kila mutu anaitoa akipumua. Pompi haikutosha kuifukuza. Tuhesabu: juu ya bahari tunabeba presioni ya hewa, tuiite 1. Ukishuka metre 10 inakuwa 2, metre 20 inakuwa 3, metre 30 inakuwa 4. Basi ku metre 30 hewa imekandamizwa mara nne, na inafaa kusukuma mara nne kusudi mutu apate kipimo kile kile. Hii ilikuwa taabu ndogo, iliisha upesi.

Taabu kubwa ilikuwa ya kupanda. Muzamiaji angeweza kukaa chini vizuri, kufanya kazi, kupanda akiwa muzima, na kiisha dakika chache kulia kwa maumivu ya magoti na mabega, ao miguu kufa ganzi, ao kufa kabisa. Mufransa Paul Bert alikuwa amekwisha kueleza sababu katika kitabu chake cha 1878. Chini ya maji azoti ya hewa inaingia mu damu na mu nyama ya mwili, inakaa humo kimya. Mutu akipanda mbio, inatoka kwa mapovu, sawa vile chupa ya limonade inavyofanya ukiifungua. Povu mudomoni mwa chupa si kitu. Povu mu mufupa wa mugongo ni jambo lingine. Watu walijua, basi, kwamba inafaa kupanda polepole. Lakini polepole kwa kiasi gani? Hakuna aliyeweza kutaja hesabu.

Hapa ndipo tunaona akili ya Haldane. Aliona kwamba muzamiaji akitoka ku metre 10 ao zaidi kidogo, hata akiwa amekaa kule saa nyingi, hapati ugonjwa. Kutoka presioni 2 kufika 1, ni nusu. Akajiuliza: kama mwili unavumilia nusu pale, haitavumilia nusu pengine pote? Kutoka 4 kufika 2, kutoka 6 kufika 3? Kama ni kweli, muzamiaji wa metre 30 anaweza kupanda upesi mpaka metre 10, akangoja pale, kiisha akapanda kwa vituo vifupi vifupi. Hii ilikuwa kinyume cha desturi ya wakati ule, ya kupanda kwa mwendo mumoja tangu chini mpaka juu.

Ilifaa kujaribu, na alijaribu juu ya mbuzi, katika chumba cha chuma huko London, katika Chuo cha Lister. Juu ya nini mbuzi? Sababu ni mnyama mukubwa kidogo, na damu yake inazunguka mwilini si kwa mbio kupita kiasi. Panya hapati ugonjwa huu kwa urahisi. Tena mbuzi akisikia maumivu ya viungo anainua muguu wa mbele, hataki kuukanyaga, na mutu anayeangalia kwa dirisha la kioo anaweza kuandika. Mbuzi 85 walitumiwa. Wengine waliinua muguu, wengine walipooza, wengine walikufa. Sitaki kupita jambo hili mbio kama vitabu vingine vinavyofanya: tunalipa heshima kwa muganga, lakini mbuzi hawakuulizwa.

Kiisha mbuzi wakafuata watu, ofisa Guybon Damant na mwenzake Andrew Catto. Waliingia kwanza mu chumba cha chuma, na mwezi wa Agosti 1906 wakashuka katika bahari ya Scotland, karibu na kisiwa cha Bute, kutoka meli iliyoitwa Spanker. Walifika metre 64. Walipanda kwa vituo, kama tabulo za Haldane zilivyosema. Hakuna aliyepooza. Tabulo zile jeshi lilizikubali, na mwaka 1908 Haldane, Damant na muganga Boycott wakazitangaza katika gazeti la elimu, kusudi inchi zote zizisome.

Jack alikuwa pale, mwenye miaka 13. Baba yake akakubali naye ashuke. Wakamuvika nguo ya mutu mukubwa, maana nguo ya kijana haikuwako. Akashuka mpaka metre 12 hivi. Lakini mikono ya nguo ilikuwa mipana, haikushika vizuri ku vifundo vya mikono yake nyembamba, maji yakaanza kuingia, yakapanda ndani ya nguo. Yeye alishika akili: aliendelea kuitawala hewa yake, hewa ikazuia maji yasifike ku uso. Walipomuvuta juu alikuwa amelowa na kutetemeka kwa baridi, lakini muzima.

Wengine wanasimulia habari hii kwa kucheka, kama ushujaa wa kijana. Mimi naona tuitazame vizuri. Kina hakikuwa kosa: leo PADI, shirika linalojulikana sana kwa mafundisho haya, linaruhusu mutoto wa miaka 10 na 11 kufika metre 12, na wa miaka 12 mpaka 14 kufika metre 18. Kosa lilikuwa pengine. Nguo haikuwa kipimo chake. Hakufundishwa kwanza katika maji mafupi. Na hakuna mutu mukubwa aliyekuwa naye chini, karibu, wa kumushika mukono. Haldane aliyejua kupima hewa ya kila kofia hakupima vifundo vya mikono ya mwana wake mwenyewe.

Tena kuna jambo ambalo lazima lisemwe. Tabulo zake zilijaribiwa juu ya mbuzi na juu ya wanaume wakubwa wenye nguvu wa jeshi. Mutoto hakuwako katika hesabu. Waganga wa leo hawana haki ya kujaribu juu ya watoto ili wajue mpaka wa kweli uko wapi. Kwa hiyo mipaka ya watoto imewekwa kwa kujihazari, chini sana kuliko ya wakubwa. Mifupa ya mutoto bado inakua. Njia ndogo zinazounganisha masikio na koo bado nyembamba, zinaziba upesi. Mwili mudogo unapoteza joto mbio. Na mutoto akishikwa na woga anataka kukimbia juu akiwa amefunga pumzi, na hilo ndilo linaloua: hewa ya mapafu inapanuka katika kupanda na kuyapasua. Ndiyo maana somo la kwanza kabisa, katika piscine, ni kutofunga pumzi hata kidogo.

Kwa hiyo mutoto wa leo hapiti njia ya Jack. Wa miaka 8 na 9 wanabaki mu piscine. Huko Ufaransa kuna ngazi za watoto kuanzia miaka 8: shaba, fedha, dhahabu. Kwa kadi ya PADI ya miaka 10, mutoto anajaza karatasi ya afya, na muganga anaweza kumukatalia; anaogelea metre 200, anaelea dakika 10; anasoma habari za presioni na azoti, anafanya mutihani; kiisha anashuka mara nne katika maji ya wazi pamoja na mwalimu. Hata akiisha kupata kadi hashuki peke yake: wa miaka 10 na 11 anafuatana na muzazi mwenye kadi ao na mwalimu. Na wakipanda wanapanda polepole, wanasimama ku metre 5 kwa dakika tatu. Kituo kile ni kivuli cha Haldane. Hata mashini ndogo ambayo wazamiaji wanavaa ku mukono inatumia wazo lake: aliwaza mwili kama wenye vyumba vitano, kimoja kinajaa azoti nusu yake katika dakika 5, cha mwisho katika dakika 75. Vyumba vimeongezwa, na ile kanuni ya nusu imepunguzwa, maana ilionekana kuwa haitoshi kwa wote.

Kwa wenye kupenda fizika: Ziwa Kivu letu liko karibu metre 1460 juu ya bahari, na hapo presioni ya hewa haifiki 1. Fanyeni hesabu. Mutu akipanda kutoka metre 10 mu Kivu, presioni inashuka zaidi ya nusu. Tabulo za bahari hazifai pale pasipo kusahihishwa.

Miaka iliyobaki ya Haldane tuipite upesi. Mwaka 1911 alipanda mulima Pikes Peak katika Marekani, metre 4300, kujifunza namna ya kupumua ku hewa nyepesi. Mwaka 1915 Wadachi walipotupa gazi ya sumu katika vita, alikwenda Ufaransa kuitambua, kiisha akaipumua tena mu laboratwari kusudi atafute namna ya kukinga askari. Alipokuwa na miaka 75 alisafiri Irak na Iran kuchunguza ugonjwa wa joto kali wa wafanyakazi wa petroli. Akarudi Oxford na ugonjwa wa mapafu, akafa katika Machi 1936.

Naomi akawa mwandishi wa vitabu. Jack naye akawa mwalimu mukubwa wa elimu ya viumbe, anayejulikana kwa jina la J. B. S. Haldane. Mwaka 1939 nyambizi Thetis ilizama karibu na Liverpool, watu 99 wakafa, na ni yeye aliyeitwa kutafuta sababu na namna ya kuokoa wengine. Akajifungia katika chumba cha chuma, kama baba yake, mara nyingi sana, mpaka akaumia mugongo na masikio yakatoboka. Alikufa India mwaka 1964.