Dakta Aggrey: Mtu Aliyekwenda Mbali Akarudi

Ni desturi yetu katika kijitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na majina ya wenzetu waliofariki, kuweka maisha ya mtu mmoja mashuhuri, ili vijana wapate kujifunza na wazee wapate jambo la kuzungumza. Mara hii tumemchagua marehemu Dakta James Emman Kwegyir Aggrey, nasi tunayo sababu. Katika mkutano mkuu baadhi ya wazee wetu waliuliza, tena kwa uchungu, kwa nini Chama kiendelee kuwalipia karo vijana ambao wakisha kuelimika huenda mbali, wasirudi wala wasiandike hata barua. Swali hilo ni la haki, na siku ile halikupata jibu. Twaona maisha ya mtu huyu yaweza kutuangazia njia.

Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabu, pwani ya Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana. Kabila lake lilikuwa Wafante. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mtawala wa Anomabu, yaani mtu asimamaye kando ya mkuu wake na kuyafikisha maneno yake kwa raia. Basi mtoto alilelewa katika nyumba ambamo maneno yalikuwa kazi, na kazi hiyo ilitaka busara. Alibatizwa mwaka 1883, akasoma katika shule ya misheni ya Wamethodisti, na akiwa bado kijana mdogo alipelekwa kijijini kufundisha. Hakuidharau kazi ile kwa udogo wake. Alifundisha mchana na kujisomea usiku, hata akapanda kuwa mwalimu mkuu wa shule katika mji wa Cape Coast. Na mwaka 1897, serikali ya kikoloni ilipoleta mswada wa sheria juu ya ardhi, wenyeji waliunda chama cha kutetea haki zao, naye Aggrey akawa miongoni mwa vijana waliokisaidia. Mswada ule uliondolewa.

Hapo ndipo tunapokuta jambo la kwanza la kututafakarisha. Kijana wa miaka ishirini na miwili, mwenye mshahara, cheo na heshima, wengi wangesema amefika. Yeye alijiona ndiyo kwanza anaanza. Mwaka 1898 aliacha ukuu wa shule, akavuka bahari kwenda Marekani, akakubali kuwa mwanafunzi tena katika Chuo cha Livingstone, mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Chuo hicho kilikuwa cha kanisa la Wamarekani weusi, watu ambao wengi wao, au wazazi wao, walikuwa wamepata kuwa watumwa. Alimaliza masomo mwaka 1902 kwa sifa kubwa, na chuo kikamwomba abaki kufundisha. Alimwoa Bibi Rose Douglass, mwenyeji wa jimbo la Virginia, wakajaliwa watoto wanne.

Akakaa huko miaka ishirini na miwili. Twaweza kudhani kwamba kule Anomabu walikuwapo wazee waliokata tamaa, wakasema mtoto yule amepotea. Lakini tutazame alivyoitumia miaka hiyo. Toka mwaka 1914 alipewa kuchunga makanisa mawili madogo ya mashambani. Waumini wake walikuwa wakulima maskini, ambao mavuno yao yalimezwa na madeni kabla ya kufika ghalani. Mwalimu huyu wa chuo hakuishia kuwahubiria siku ya Jumapili. Aliwafundisha kulima vizuri zaidi, kukwepa madeni na kuweka akiba yao pamoja. Na likizo ya kiangazi ilipofika, wenzake wakipumzika, yeye alipanda gari la moshi kwenda Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, akaketi darasani kama mwanafunzi, hali umri wake wakaribia miaka arobaini. Kuna wenzetu waliopata cheti miaka mingi iliyopita na tangu siku hiyo hawajafungua kitabu. Na wajipime kwa mtu huyu.

Mwaka 1920 mlango wa kurudi ulifunguliwa. Mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ulituma tume kuchungua elimu ya Waafrika, na Aggrey akachaguliwa kuwa mjumbe, Mwafrika pekee kati ya wazungu. Walipita nchi za Afrika ya Magharibi, wakafika Kongo, Angola na Afrika Kusini. Mahali pengine rangi yake ilimfungia milango ambayo wenzake walifunguliwa. Hakuacha kazi kwa hasira, wala hakujifanya kwamba hakuona. Alifundisha kwamba mwenye kutaka kupiga kinanda vizuri hawezi kutumia vibao vyeupe peke yake wala vyeusi peke yake, bali huvipatanisha. Walikuwako watu weusi, Marekani na Afrika, waliomlaumu kwamba alikuwa mpole kupita kiasi mbele ya watawala. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana upole peke yake haurudishi ardhi iliyochukuliwa. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyejulikana kwa kisa cha tai aliyelelewa na kuku hata akasahau kuruka, na maana yake ilikuwa wazi kwa kila Mwafrika aliyeambiwa kwamba yeye ni wa chini.

Mwaka 1924 tume ya pili ilikuja Afrika ya Mashariki, na Aggrey akafika Kenya. Siku zile mtu wetu hakutembea bila kipande shingoni, na shule zilikuwa chache. Kumwona Mwafrika ameketi baraza moja na wajumbe wazungu, akiuliza na kujibu, kulikuwa somo kabla hajafungua kinywa. Mwaka 1925, kwa kufuata mapendekezo ya tume, ilianzishwa Shule ya Jeanes huko Kabete, iliyofundisha walimu wa vijijini pamoja na wake zao, ili elimu iingie shambani na jikoni, isiishie ubaoni.

Mwaka huohuo wa 1924 Aggrey alirudi nchini kwake kusaidia kuanzisha Chuo cha Achimota, karibu na Accra. Wenyeji wengi walikishuku chuo hicho, wakidhani ni hila ya serikali ya kuwapa elimu duni. Yeye, mwana wa msemaji, alizunguka kuwaeleza wazee, na wazungu nao akawaeleza mashaka ya wazee. Alishikilia pia kwamba wasichana wapokelewe pamoja na wavulana, akiamini kuwa mama aliyeelimika huielimisha nyumba nzima. Nembo ya Achimota ina vibao vya kinanda, vyeupe na vyeusi.

Chuo kilifunguliwa rasmi Januari 1927. Miezi michache baadaye Aggrey alikwenda New York kumalizia kitabu cha shahada yake ya udaktari katika Columbia, kwani jina la Dakta alilokuwa nalo lilikuwa la heshima tu, naye alitaka alitolee jasho. Aliugua ghafula, akafariki tarehe 30 Julai 1927, umri wake miaka hamsini na mmoja, kitabu hakijakwisha. Alizikwa Salisbury.

Basi je, alishindwa? Mwaka 1920, huko Lagos, alimsikia akihutubia kijana wa shule aitwaye Nnamdi Azikiwe. Huko Accra mwanafunzi mmoja aliyemwona kama nyota yake aliitwa Kwame Nkrumah. Wote wawili walifuata njia yake wakaenda Marekani kusoma, wote wakarudi, na kila mmoja akawa Rais wa kwanza wa nchi yake.

Wazee wetu, Waswahili wa pwani husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mti uliopandwa na Anomabu ulichelewa, lakini ulizaa hata kwa watu ambao Anomabu haikuwajua. Kwa hiyo twaomba mfuko wa karo usifungwe, na binti zetu wasisahauliwe humo. Nanyi vijana mnaosomeshwa na shilingi za mama wauza mboga na wazee wasiojua kusoma, jueni kwamba Aggrey alikaa mbali miaka ishirini na miwili bila kuacha kuwa mtu wa kwao. Umbali si kosa. Kosa ni kunyamaza. Andikeni barua. Na siku mtakaporudi, msije kutuonyesha vyeti tu. Njoni mtuonyeshe kazi.