Livingstone huko Kabambare: mgeni hufika pamoja na wenzake



Anayesafiri kutoka Kasongo hadi Kabambare hukutana na watu wa lugha nyingi: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengine. Kiswahili hutuunganisha sote, Wakristo kwa Waislamu. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mzee mmoja aliyeumwa miguu alikaa katika nchi hii miezi mingi. Ni Daktari David Livingstone. Wengi tunamjua kwa jina tu, lakini maisha yake yana somo kwa kila mtumishi anayetumwa kwa watu wasio wa kwao.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Alipofika miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na jioni alikwenda shule. Baadaye alisomea udaktari na theolojia, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini, ametumwa na Shirika la Misheni la London.

Wamisionari wengi wa wakati ule walikaa karibu na Wazungu wenzao. Livingstone alifanya jambo lingine. Aliondoka kituoni akaenda kuishi kama nusu mwaka kati ya Wakwena, mbali na kila Mzungu, ili asikie Kitswana asubuhi hadi usiku na kujifunza desturi zao. Alijua kwamba anayetegemea mkalimani siku zote huwasikia watu nusu tu.

Pale aliketi na mganga wa mvua na kujadiliana naye. Katika kitabu chake cha mwaka 1857 aliyaandika majadiliano hayo, na hakumfanya mganga aonekane mjinga. Alimwachia hoja zake zikiwa na nguvu, hata msomaji anabaki akijiuliza ni nani aliyeshinda. Hiyo ni heshima ambayo sisi wahubiri hatuna mara nyingi tunapoeleza imani ya jirani.

Hata hivyo alikosea pia. Sechele, mfalme wa Wakwena, alijifunza kusoma upesi na akabatizwa mwaka 1848, baada ya kuwarudisha wake zake kwao na kubaki na mmoja. Wanawake wale walikuwa na watoto na ndugu, na uchungu ukaingia katika jamaa nyingi. Baada ya miezi michache Sechele alianguka na mmoja wao, na Livingstone akamzuia asishiriki Meza ya Bwana. Livingstone aliondoka akidhani kazi imeharibika. Lakini Sechele aliendelea kuwafundisha watu wake Neno kwa miaka mingi, kwa lugha yao na kwa namna yao. Mbegu ilimea mahali ambapo mpanzi hakutazama.

Jambo lingine la kushangaza: mtu huyu aliyesafiri kwa amani na Wamakololo kutoka bahari moja hadi nyingine, kati ya 1853 na 1856, alishindwa kuelewana na Wazungu wenzake katika safari ya Zambezi iliyoanza 1858. Aliwavumilia wageni kuliko watu wa nyumbani kwake. Wazee wa kanisa, tusicheke. Wangapi kati yetu ni wapole kwa mgeni na wakali kwa mchungaji mwenzao?

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha Nile. Sanduku la dawa likaibiwa, na afya yake ikavunjika. Waliomwokoa walikuwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, kama Mohamed Bogharib, aliyemlisha na kumwuguza. Walikuwa wema kwake, lakini ndio hao waliokuwa wakinunua pembe na watumwa. Akiwa pamoja nao alifika Bambarre, yaani Kabambare, mwezi wa Septemba 1869.

Alijaribu kuufikia mto Lualaba, akashindwa. Mwezi wa Julai 1870 alirudi Kabambare akiwa na vidonda vibaya miguuni. Alilala katika kibanda wiki nyingi asiweze kutembea. Katika siku zake za Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi ilipokwisha, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mbegu.

Aliondoka Kabambare Februari 1871 na kufika Nyangwe, juu ya mto, mwisho wa Machi. Alipenda sana soko la Nyangwe, ambako wanawake kwa mamia walileta samaki, vyungu na vyakula. Alitaka mtumbwi tu ili aendelee na safari, wala hakupewa. Watumwa waliotumwa kutoka pwani wamsaidie waliwaambia wenyeji kwamba mzee huyu hataki pembe wala watumwa, anataka kuwaua. Yeye hakuwa na lugha ya pale ya kujitetea, kama alivyokuwa nayo kwa Wakwena. Maneno yake yalipita katika vinywa vya wengine, yakafika yamegeuzwa.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbe walipiga bunduki sokoni. Mamia ya watu, wengi wao wanawake, waliuawa au walizama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Moyo wake ulivunjika, akarudi mashariki. Njiani, tarehe 8 Agosti, mikuki miwili ilimkosa kidogo sana, na mti mkubwa uliokatwa ukaanguka karibu naye. Waliomvizia walidhani ni mmoja wa wale wafanyabiashara. Wangejuaje kuwa si mmoja wao, na alikuwa amefika pamoja nao?

Habari zake za Nyangwe ziliwaamsha watu Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa. Yeye alikufa mwanzoni mwa Mei mwaka uleule, katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake pale, wakaubeba mwili kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Mzee ambaye wengi hawakumwelewa alieleweka vizuri na wale walioishi naye kila siku.

Nami nina ungamo. Nilipotumwa Kabambare mara ya kwanza, niliomba nafasi katika gari la wageni waliolindwa na askari, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Niliposhuka nilianza kuhubiri upendo. Watu walinisikiliza kwa adabu, na Jumapili iliyofuata wakaja wachache. Mama mmoja ndiye aliyenieleza: walikuwa wakiwakumbuka askari wengine na magari mengine. Sikuwa nimesema neno lolote baya, lakini gari lilikuwa limesema kabla yangu. Ilinipasa kurudi kwa miguu nyumba kwa nyumba, kuwasalimia wazee, kula nao, na kujifunza salamu za Kibangubangu.

Ndugu zangu, kabla hatujaenda kwa watu wa desturi nyingine, tujiulize: ninafika na nani? Nani anasema kwa niaba yangu? Nimekaa muda gani kimya, nikisikiliza? Bwana wetu mwenyewe hakututumia ujumbe kutoka mbali. Alikuja, akakaa nasi, na kwa miaka kama 30 alijifunza lugha na kazi za Nazareti kabla ya kuanza kuhubiri.