Askofu Steere na Watu wa Uhamisho

Hapa kwetu Ibadakuli tukisikia uhamisho tunafikiri kwanza barua ya mwalimu anayepelekwa kituo kingine. Katika Mathayo sura ya kwanza ni jambo zito zaidi: taifa lililochukuliwa mateka mpaka Babeli. Edward Steere aliishi kati ya watu wa namna hiyo.

Alizaliwa London mwaka 1828, akafika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akaanza kutafsiri. Zaburi zake zilichapwa mwaka 1871, na ndani yake ile ya 137, ya waliolia kando ya mito ya Babeli. Wengi waliofundishwa misheni walikuwa watumwa waliookolewa majahazini, Wayao, Wanyasa, Wamakua. Hao hawakuhitaji kufafanuliwa zaburi ile.

Mwaka 1874 akawekwa kuwa Askofu. Baadhi ya waliokombolewa wakataka kurudi kwao, upande wa ziwa Nyasa. Mwaka 1876 aliwaongoza mwenyewe, kwa bahari mpaka Lindi, kisha kwa miguu. Kwa maoni yangu safari ile ni kubwa kuliko kanisa kuu alilojenga. Ziwani hawakufika. Walipoona Masasi ni nchi njema, walijenga hapo, wakalima.

Steere alifariki Unguja mwezi Agosti 1882. Amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, penye uwanja uliokuwa soko la watumwa. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891.